Mtamba wa Mzee Pi na Uwanja wa Neutiseom

Tak Bun-ok alipoolewa na kuletwa Neutiseom, Neutiseom kilikuwa bado kisiwa. Alivushwa na shemeji yake kwa mashua, na sanduku lake la nguo magotini. Kesho yake asubuhi mama mkwe akampa ndoo na reki, akamwonyesha bahari ilivyokupwa na tope lilivyong'aa mpaka upeo wa macho, akamwambia, "Shamba letu ndilo hilo." Wanawake wa pale waliishi kwa kuchimba kome. Bun-ok alijifunza kusoma matundu madogo topeni, akajua lipi lina kome na lipi lina kaa, akamzaa Sehun, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake tena isipokuwa polisi na daktari. Akawa Mama Sehun.

Kisha serikali ikajenga ukuta baharini. Wanaume wa kisiwa waliitwa ukumbini wakaelezwa, wakatia sahihi. Wanawake hawakuitwa, ingawa tope lilikuwa lao. Maji yalipokatwa, kome walikufa wameachama, harufu ikakaa mwaka mzima, na kisiwa kikabaki kilima katikati ya uwanda wa chumvi. Hapakuota kitu ila magugu mekundu.

Lakini uwanda ule ulikuwa umelala kama sinia, na watu wenye ndege ndogo za kujifurahisha hupatafuta mahali pa namna hiyo kwa udi na uvumba. Wa kwanza kuja alikuwa Ma Jong-du, kapteni mstaafu wa jeshi la anga, na ndege ya viti viwili yenye mabawa ya kitambaa na injini iliyolia kama cherehani yenye hasira. Alitua, akazima, akamwona Bun-ok amesimama na beseni kichwani.

"Mama, hapa mtu anaweza kupata chakula?"

"Inategemea mtu mwenyewe ana njaa kiasi gani," Bun-ok akajibu.

Alimkatia tambi za unga, akazipika kwa supu ya kome walionunuliwa bandari ya mbali, maana wa kwao walikuwa wamekwisha. Kapteni alirudi Jumamosi iliyofuata na wenzake. Uwanja ukakua: njia ya kurukia ikasawazishwa, mabanda ya mabati yakasimama, madaktari wa meno na mawakili na wenye viwanda vidogo wakaja kutoka Seoul kila mwisho wa wiki kupaa na kutua. Kando ya njia ile Bun-ok alifungua mkahawa wake, vyumba viwili vya mabati na jiko kubwa. Miaka ikapita akitazama matumbo ya ndege kupitia dirisha la jikoni.

Hata siku moja Kapteni Ma akamwambia, "Mama Sehun, umenilisha miaka yote hii na hujapanda hata mara moja. Vua aproni."

Akavua. Walipofika juu aliangalia chini, akaiona bahari yake. Maji hayakuwapo, ila mikondo yote ilikuwa imebaki pale pale, imechorwa ardhini kama mishipa ya mkono wa mzee. Akaitambua mmoja mmoja: hapa ndipo mama mkwe alipozingirwa na maji yaliyokuwa yakijaa, pale ndipo palipokuwa na kome wakubwa. Miaka yote alidhani imefutika. Kapteni alitarajia atalia, au angalau atatapika. Bun-ok akamwuliza kwa sauti ya juu, kuishinda injini, "Kujifunza kurusha hiki kitu kunachukua muda gani?"

Nyumbani, mumewe, Gwak Dong-sik, aliweka vijiti vyake mezani. "Una miaka hamsini na mbili. Baiskeli yenyewe ilikushinda."

"Baiskeli haina mabawa, Baba Sehun."

Basi akaanza kujifunza katika shule ya urubani ya pale uwanjani, taratibu, kwa zamu za asubuhi kabla wateja hawajafika. Mtihani wa maandishi alianguka, akarudia, akaanguka, akarudia, akapita. Ulibaki wa kurusha. Na hapo ndipo habari ilipokuja kwamba mkataba wa uwanja hautaongezwa. Neutiseom patajengwa mji mpya: maghorofa, shule, bustani. Mwaka ukiisha, ndege zote ziwe zimeondoka.

Wenye ndege walipigana kwa njia wanazozijua. Walitundika mabango, wakakusanya sahihi, wakaenda mahakamani. Walishindwa. Jioni ya hukumu walikutana kwenye mkahawa wa Bun-ok, wakala kimya kama watu waliotoka mazikoni. Kapteni Ma, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na mgongo ulioanza kupinda, akasimama.

"Mambo yamekwisha. Kila mmoja atafute la kufanya na ndege yake. Mimi yangu nitaiuza."

Bun-ok alikuwa akipakua supu. Akaweka upawa chini.

"Kwa nini tusihamie mahali pengine?"

"Nimezunguka, Mama Sehun. Vijiji chungu nzima. Wote wanakataa. Beodeunae ndipo pangefaa, kuna uwanda kando ya mto palipokuwa machimbo ya mchanga, lakini ni mali ya kijiji kizima, na wanakijiji hawataki."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaonyesha ramani. Niliwaeleza sheria ya anga."

"Ulikula kwao?"

"Sikukaribishwa."

"Basi hujaenda bado," alisema Bun-ok, akaendelea kupakua.

Wengine walicheka. Mwenye ndege ya njano alimwambia, kwa wema, kwamba hili si jambo la tambi. Bun-ok alikuwa anaukumbuka ule ukumbi ambao hakuitwa, na alikwisha kuamua kwamba safari hii, aitwe asiitwe, atakwenda.

Beodeunae ni kijiji cha bara, mkoa wa Chungcheong, mwendo wa saa mbili kwa gari. Alikwenda mwanzo wa vuli na madebe ya kamba wadogo wa chumvi, kwa sababu alijua majira ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, yalikuwa yanakaribia na watu wa bara huwatamani kamba wa pwani. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Yeom, alimpokea kwenye jumba la wazee, bibi wakamkaribisha penye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, wakaweka karata pembeni, wakamsikiliza mpaka mwisho.

"Ndege," alisema Mwenyekiti polepole. "Ndege ni kitu kizuri. Tutaona."

"Hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa nini isiwe," akaongeza bibi mmoja.

Bun-ok alirudi akiimba njia nzima. Akampigia Kapteni simu kabla hata ya kuvua viatu. Kapteni alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Sehun, mke wangu ni wa Chungcheong. Kule hawakwambii hapana. 'Tutaona' maana yake nenda zako. Mimi nilipokwenda kuposa, baba yake alisema 'tutaona.' Nilingoja miaka mitatu nikidhani ni ndiyo."

"Lakini ulimwoa."

"Kwa sababu sikuwa nimeelewa."

"Basi na mimi sijaelewa," akasema Bun-ok.

Akarudi wiki ile ile waliyokuwa wakitengeneza kimchi. Hakutaja ndege. Alivaa glavu za mpira, akachuchumaa penye mlima wa kabichi pamoja na wanawake wa kijiji, akapaka pilipili jani kwa jani tangu asubuhi mpaka kiuno kikafa ganzi. Kando yake alikaa mwanamke mnene mwenye macho makali aliyeitwa Mama Jangho, mwenye mkahawa pekee wa Beodeunae.

"Wewe mwanamke wa ndege, mkono wako una chumvi nyingi," Mama Jangho alimwambia.

"Nimezaliwa pwani. Hata jasho langu hukoleza mchuzi."

Bibi wakacheka, na kicheko kikafungua midomo. Ndipo akaambiwa kilichokuwa kinakwamisha. Sio kelele wala vumbi. Alikuwa Mzee Pi Sang-man, mfugaji, mwenye ng'ombe wa kahawia wengi kuliko mtu yeyote bonde lile. Zizi lake lilipakana na ule uwanda wa mto. Zamani helikopta ilipita chini, ng'ombe wake wawili wakaharibu mimba. Tangu hapo mzee hataki kusikia neno injini, na hakuna jirani aliye tayari kumpinga mzee kwa ajili ya wageni.

Bun-ok alikwenda zizini na nguo zake zenye madoa ya pilipili. Mzee Pi alikuwa akigawa majani makavu. Yeye hakuwa mtu wa "tutaona".

"Ng'ombe wangu akiharibu mimba, nitamlilia nani? Wewe na tambi zako?"

"Mlete hapa, kisha ndege ipite. Akishtuka, hutaniona tena."

"Na asiposhtuka?"

"Utaniona mpaka unichoke."

Labda mzee alichoshwa na kukataa, au labda alitaka tu amalizane naye. Akasema, "Haya."

Kapteni Ma aliomba ruhusa kwa wakubwa wa anga, na siku iliyokubaliwa kijiji kizima kilijipanga kwenye ukuta wa zizi. Bun-ok alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu. Ndege ikatokea upande wa mto, ndogo, ikapita juu ya uwanda kwa ile sauti yake ya cherehani. Ng'ombe waliinua vichwa. Wakatazama. Wakarudi kutafuna. Mwenyekiti Yeom akaanza kutabasamu.

Kisha mtamba mmoja, mwenye mimba ya kwanza, akaruka uzio.

Hakuna aliyeweza kueleza jinsi alivyoruka, na tumbo lile. Alikata shamba la vitunguu, akaingia kwenye mpunga uliokwisha kuvunwa, akashika njia ya mtoni. Watu wakapiga mayowe, jambo lililozidi kumtia kiwewe. Bun-ok hakupiga yowe. Alivua viatu vya kisigino akavitupa, akamfuata. Alianguka kwenye tope akainuka, akaanguka tena, lakini tope ni kitu alichokijua kuliko watu wote wa bonde lile. Alijua jinsi ya kukanyaga kwa ubavu wa mguu ili lisimnase. Mtamba mwenyewe hakujua. Alinasa magotini karibu na mtaro, akasimama akihema. Bun-ok akamfikia, akashika kamba ya shingoni mwake, akakaa naye chini pale pale, akimpapasa shingo na kumwambia maneno ya kumbembeleza mtoto, mpaka Mzee Pi na wengine walipofika.

Mzee alimkagua mtamba kila mahali. Wakamrudisha zizini.

"Huyu huruka hata nikipiga chafya," alisema hatimaye.

"Mzee, nilisema akishtuka hutaniona tena," alisema Bun-ok. Tope lilikuwa limemkauka mpaka masikioni. "Neno langu nitalitimiza. Ila naomba nije kumwona huyu mpaka azae. Akipoteza ndama, itakuwa kwa sababu yangu, na sitaki kuisikia habari hiyo kwa simu."

Mzee Pi alitema mate pembeni. "Zizi halina mlango wa kufuli," akasema.

Kwa hiyo kura ambayo kijiji kilikuwa kipige kuhusu ndege ikaahirishwa mpaka ndama azaliwe, na hiyo ikawa majira ya kuchipua, wakati Neutiseom ilikuwa imepewa mpaka mwisho wa mwaka. Uzio wa kampuni ya ujenzi ulishaanza kusogea. Wenye ndege wengi waliuza. Mwenye ndege ya njano aliuza, akaja kumuaga Bun-ok, akaacha kofia yake mezani. Waliobaki walifungua mabawa ya ndege zao wakayalaza juu ya magunia. Mwenye ghala la vitunguu karibu na Beodeunae alikubali kuzihifadhi wakati wa baridi, kwa kuwa ghala lilikuwa tupu.

Tatizo likawa usafiri. Na hapo lazima nimtaje Dong-sik. Mume wa Bun-ok alikuwa ameajiriwa na wajenzi wa mji mpya, akiendesha lori la kumwagia maji barabara ili vumbi lisiruke. Wenzake Bun-ok walimteta kwa minong'ono, wengine walimtania usoni: mke anapaa, mume anazika uwanja. Dong-sik hakujitetea, uvuvi ulikwisha na mtu hula. Lakini Jumapili moja alikuja uwanjani na lori la kukodi la binamu yake, akashuka, akavaa glavu.

"Nani kakutuma?" Bun-ok akamwuliza.

"Siku sita nawamwagia wao maji. Leo nambeba mke wangu na mabawa yake. Shika huko, na usikwaruze."

Mkahawa ulibomolewa siku mbili kabla ya mwaka mpya. Tingatinga halikuhitaji hata dakika kumi. Bun-ok alikuwa ameshatoa masufuria na ubao wake wa kukatia tambi. Alisimama akaangalia mpaka mwisho, kisha akaingia kwenye gari akaenda Beodeunae, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kwenda kumwona mtamba.

Alikwenda kila wiki, theluji ikianguka au barabara ikiganda. Mwanzoni Mzee Pi alijifanya hamwoni. Baadaye akaanza kumwachia ndoo ya pumba mlangoni. Baadaye tena akaanza kulalamika akichelewa. Bun-ok alijifunza kutandika majani, kuyeyusha maji ya kunyweshea, kulisha kwa zamu. Wanakijiji waliopita walimsalimu kwa jina la mwanawe. Hakuna aliyezungumzia ndege, naye hakuwakumbusha.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, simu ililia alfajiri moja. "Njoo," alisema Mzee Pi, akakata. Bun-ok alifika wakati ndama ameshatoka, jike, analambwa, miguu inamtetemeka. Akaanguka, akainuka, akaanguka, akainuka, akapata chuchu. Mzee Pi alikuwa akijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkutano ulifanyika jumba la wazee. Kapteni Ma alikuja amevaa tai. Mwenyekiti Yeom alizungukazunguka na habari za mbegu na mitaro, kisha akamgeukia Mzee Pi.

"Mimi sina la kusema," alisema mzee. "Ng'ombe amezaa."

Kwa watu wa kule hiyo ni ndiyo, tena kubwa. Bun-ok, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshajua kuwasikiliza, alishusha pumzi. Lakini Mama Jangho akainua mkono.

"Mimi ninalo. Ndege zije. Ila watu wa ndege watakula kwangu. Huyu amekatia watu tambi miaka ishirini, kila mtu anamjua. Akifungua mkahawa pale mtoni, mimi nitafunga wangu. Ahidi hapa, mbele ya wote, kwamba hutapika."

Bun-ok alikuwa ameshapima kwa macho mahali pa kuweka jiko, chini ya miti ya mto, pasipo na upepo. Masufuria yake yalikuwa nje, ndani ya gari, alikuwa ameyaleta. Akamtazama Mama Jangho, akamwona mwanamke anayeogopa kunyang'anywa kitu pekee alicho nacho, na hofu hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Mama Sehun, si lazima," Kapteni alimnong'oneza. "Tunaweza kujadili."

"Nyamaza, Kapteni, kabla mtu hajasema tutaona." Kisha akasema kwa sauti, "Sitapika. Naahidi."

Vibali vilipatikana kwa mwendo wa konokono, na kwa masharti: miaka mitatu kwanza, pasijengwe kitu cha saruji, ndege zisiruke Jumapili asubuhi wala siku ya mtihani wa taifa, wala juu ya zizi wakati wa kuzaa. Ndege zilizokuja hazikufika nusu ya zile za zamani. Njia ni fupi, nayo mto ukifurika huenda na kipande. Shule ya urubani haipo tena. Kapteni Ma alifundisha misimu miwili, kisha macho yakamwambia basi, akamkabidhi Bun-ok ufunguo wa banda na mashine ya kukatia nyasi. Neutiseom sasa ina maghorofa marefu, na katikati ya ile iliyokuwa njia ya kurukia wamechimba bwawa la mapambo. Dong-sik husema maji yamerudi, na Bun-ok humwambia asirudie utani huo mezani.

Siku za kazi Bun-ok hukata tambi kwenye kona ya kupanga katika soko la mjini, kona nyembamba isiyo na dirisha. Anaichukia kona hiyo na huamka kila siku kuiendea. Leseni aliipata Beodeunae, mwaka wa pili, kwa mtihani uliomrusha mtahini kidogo kwenye kiti wakati wa kutua. Alimwomba radhi, akapita.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano wageni walizidi. Mama Jangho akaja mbio mpaka uwanjani, aproni kiunoni, unga mpaka viwiko.

"Mama Sehun, nimezidiwa. Kuna watu mpaka barabarani. Njoo unisaidie kukata, mara hii tu. Ile ahadi tuiweke pembeni."

Bun-ok alikuwa akikagua bawa la ndege ya Kapteni kwa kiganja, kutoka ncha moja mpaka nyingine. Hakuacha.

"Kanda unga uufunike, utulie kidogo," alisema. "Nikitua nitakuja. Sasa hivi ni zamu yangu."

Akapanda, akafunga mkanda, akamwomba Mama Jangho asogee mbali na panga la injini.